Plagini imekataa, na mama amekaa pembeni yangu

Sijawahi kumwambia mtu hapa nyumbani hili: laptop ya kaka siitumii kuchati. Naandika programu.

Ni ya JavaScript, ile ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Unaiandikia neno la Kiha, inakupa la Kiswahili. Maneno yenyewe yanakaa kwenye plagini, yaani vipande vinavyoongezwa pembeni.

Leo plagini ya maneno ya shambani imekataa kabisa kupakiwa.

Bando langu ni la mitandao ya kijamii tu, halipakui mafaili, kwa hiyo rafiki yangu wa Kasulu aliyeiandika alinipa plagini hiyo kwenye flashi. Nikaibandika kwenye folda ya programu, kama tunavyobandikaga muvi.

Nikaandika amri yake, programu ikajibu: "Amri haijulikani."

Nikafuta. Nikabandika tena. Haijulikani. Jamani, nilitaka kulia.

Kumbe programu haiangalii folda, nilivyoiandika mwenyewe. Zinapakiwa plagini zilizotajwa kwenye faili la mipangilio tu, na mimi nilisahau kuitaja. Asubuhi nzima imeisha hivyo.

Hapo nikasikia ndala za mama zinakuja mlangoni. Huwa nafunga ukurasa haraka, ndiyo maana anaamini nina mvulana, na ameapa kuifungia laptop kabatini.

Leo hasira ilinizidi. Sikufunga.

"Unamwandikia nani, we?"

"Simwandikii mtu, mama. Ni programu nimetengeneza. Imegoma."

Akaitazama skrini, akavuta kigoda.

"Haya, itengeneze nione."

Bado amekaa. Kilichobaki ni kuandika jina la plagini kwenye mipangilio, na sijaandika hata herufi moja.

Nyie mnawezaje kuandika mtu akiwatazama?