Mshona Kofia na Kitabu cha Kizungu

Mshona kofia wa nyumba ya pili, pale Matrah, Uarabuni, hutunga nyimbo za harusi kwa Kiswahili na kuziandika kwa herufi za Kiarabu, lakini raha yake ni kusoma Kiingereza. Alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne na riwaya moja tu ya Kizungu, na tangu utotoni Aliya, binti wa jirani, amemwona akiirudia na kuirudia: midomo inacheza, sauti haitoki, na akiitwa huchomeka sindano kwenye ukurasa ndipo aitike. "Kizungu hicho kinakupikia?" majirani humtania. "Kinanipakulia," hujibu. Zamani alimwambia Aliya, aliyeacha chuo cha Kurani mapema, "Kaa nikufundishe. Herufi zenyewe ishirini na sita tu." Aliya akacheka. "Nikipeleke wapi Kizungu, bibi?"

Mwaka huu macho yake yameingia ukungu. Kofia anazishona kwa kupapasa. Jana baada ya chakula alimwita Aliya, akampa kitabu kwa mikono miwili. "Nisomee, mwanangu. Miaka yote hii umekaa ubavuni mwangu, hukosi kuokota mawili matatu." Aliya akakifungua kuanzia upande wa kulia, kama afunguavyo msahafu. Yule mama akapapasa unene wa kurasa, akatabasamu. "Umeanzia mwisho. Huko wote wameshakufa. Geuza." Aliya akageuza mpaka ukurasa wa kwanza, akautazama, akainamisha kichwa. Yule mama alikuwa ameshaweka kofia chini na kusogeza sikio. Akangoja hivyo hivyo, mpaka ikaadhiniwa alasiri.