Vidole Viwili vya Straton Rukara

Mwaka 1956 Straton Rukara wa Kirolirwe alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na alilinda heshima hiyo kuliko alivyolinda miguu yake. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Wachungaji wake waliwaswaga kutoka vilima vya Masisi hadi msituni, naye akawafuata kwa lori, amekaa mbele pembeni mwa dereva, kofia kichwani, kwenda kuwauza Walikale.

Mwezi wa Januari alipeleka zahanati kidonda cha kidole cha mguu kilichokataa kupona. Muuguzi Faustin alichanganya mkojo wake na dawa ya bluu ndani ya kichupa, akakichemsha juu ya moto wa spiriti. Bluu ikawa kijani, kisha njano, mwisho nyekundu kama tofali.

"Papa Straton, hii njo sukari," Faustin alisema. "Bugali, muchele, ndizi, viazi, pombe ya kasiksi: kwisha. Kula nyama, mayai, samaki, sombe. Paska ikipita, rudia hapa. Kama kichupa iko nyekundu tena, ile kidole itaoza, na munganga wa hospitali ataikata."

Nyumbani maagizo hayo hayakuwa na shida. Mkewe Kamaliza alimpikia mayai na sombe ya majani ya muhogo, sukari akaificha, na hakuna jirani aliyechungulia sahani. Shida ilikuwa Walikale, kwa Mama Victorine, ambako wachuuzi wote na wapagazi wao walikula.

Mama Victorine alikuwa na meza moja ndefu na mabenchi mawili. Aliuza bugali wa muhogo. Nyama ilikuja ya kuusindikiza. Kumrudishia mpishi bugali wake mbele ya watu ni kumwambia kwamba ametia karuho, ile sumu ya polepole ambayo kila mtu katika nchi hii anaijua sana na hakuna aliyewahi kuiona. Mpishi akishasemwa hivyo mara moja, anaweza kuzima moto wake.

Straton aliketi, akasukuma bugali kando, akavuta bakuli la mbuzi. Benchi zima likamgeukia.

"Papa Straton," Mama Victorine aliuliza, mwiko mkononi, "bugali yangu iko na nini?"

"Haina kitu, Mama."

"Basi kula. Watu banaangalia."

Walikuwa wanaangalia kweli. Mmoja alikuwa ameshika tonge karibu na mdomo na hakulitia.

Maneno mawili yangetosha: niko mugonjwa. Lakini mwenye ng'ombe arobaini hawezi kusema mbele ya wapagazi kwamba mkojo wake ni mtamu. Straton alitafuta uongo wenye heshima, akapata huu:

"Nimefunga bugali. Juu ya Kwaresima."

Ilikuwa Ijumaa.

Mwisho wa meza alikuwa ameketi Léopold, katekista, akila bugali wake kwa maharagwe kama Mkristo yeyote siku hiyo. Alilitazama bakuli la mbuzi, kisha akamtazama mwenye nalo.

"Kaka, weye unafunga bugali, unakula nyama Ijumaa? Iyo Kwaresima ulifundishwa na nani? Na chui?"

Benchi likacheka. Straton akavuta bugali, akaumaliza wote, akapangusa sahani ili kila mtu aone. Kwa kuwa alikuwa ameshakosa, akaagiza na kasiksi.

Safari iliyofuata alikula tena, na ile iliyofuata pia. Hakuhamia kwa mpishi mwingine, kwa sababu wangesema amekimbia sumu. Kila mara aliteremka Walikale akichechemea zaidi, na kila mara alikula kama mtu anayelipwa kwa kula. Waliomwona walisifu hamu yake.

Paska ilipopita kichupa kikawa chekundu tena, na vidole vyeusi sasa vilikuwa viwili. Munganga alivikata vyote.

"Ni nani alikulisha bugali?" Faustin aliuliza.

"Mama Victorine."

"Alikufunga kamba?"

Mwezi wa Juni Straton alirudi Walikale na fimbo. Mama Victorine akamletea bugali, moshi unatoka. Straton alivua kiatu, akapandisha mguu juu ya benchi, akasema akiangalia ukuta:

"Mama, bugali yako haina karuho. Miye njo niko na sukari mu mukojo. Nikikula hii, banaendelea kunikata."

Watu waliinama kutazama mguu. Léopold ndiye aliyeinua kichwa kwanza.

"Kumbe! Na siye tunakunywa chai bila sukari, na Papa anaimwanga nyuma ya nyumba!"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Hicho ndicho kicheko ambacho Straton alikikimbia tangu Kwaresima. Kiliisha kabla ya bugali kupoa.

"Ungesema tangu ile siku ya kwanza," Mama Victorine alisema kwa hasira. "Sombe iko, nyama iko. Ulifikiri nitalia?" Lakini hakuondoa bugali. Mpita njia akichungulia na kuona sahani bila bugali angewaza yake. Akauacha mbele ya Straton, mahali pa kuonekana, na Léopold akanyoosha mkono akaanza kuukata.

Mpango ukabaki huo. Straton anaagiza bugali, Léopold anaula, Straton anakula mbuzi na sombe. Mwezi wa Agosti kichupa cha Faustin kilibaki bluu. Katekista alinenepa.

Siku hizi Straton huwasimulia wachuuzi wageni kwamba mpango huo aliubuni yeye, kwa akili zake mwenyewe, mara tu alipoambiwa ana sukari. Vidole viwili ambavyo vingeweza kumbishia havipo tena.