Uzi wa Sketi ya Duara

Mwalimu wa hesabu alinikuta barazani nikishona. Shule yao ya hapa Carama ilikuwa inaalika watu wa mtaa wanaojua kazi, waje kuwaonyesha watoto. Fundi wa pikipiki alishakwenda. Sasa alinitaka mimi, nikate sketi ya duara mbele ya darasa la sita.

“Mwalimu, mi nilitoka shule darasa la pili.”

“Na sketi, mama, ulijifunza darasa la ngapi?”

“Kwa shangazi yangu, Buyenzi.”

“Basi lete hilo la shangazi.”

Nilicheka, nikakubali. Mjukuu wangu, ambaye anasoma darasa hilohilo, hakucheka. Jioni aliniomba: “Bibi, kesho usiseme kama we ni bibi yangu. Wakikucheka, watanicheka na mi mpaka mwaka uishe.”

Nikamwahidi, ingawa iliniuma.

Asubuhi mwalimu aliita majina. Mimi jina likiingia sikioni halitoki. Hata leo naweza kuwataja wote, dawati kwa dawati. Wangu alikuwa nyuma kabisa, uso ndani ya daftari.

Nikamwita msichana wa mbele, nikamzungushia uzi kiunoni. Uzi huo nikaukunja sawasawa mara sita, nikapunguza upana wa ukucha. Kitenge nilishakikunja mara nne. Ncha moja ya uzi nikaibana kwenye kona, nyingine nikaishika pamoja na chaki, nikazungusha.

“Apana, bibi! Hapo hata mguu hauingii!” akapaza sauti mvulana mmoja. Darasa zima kicheko.

Nikamwita kwa jina lake na la baba yake. “Njoo unishikie kitambaa, we mwenye macho.” Wakamcheka yeye.

Mwalimu naye alikuwa ubaoni, akigawanya kipimo cha kiuno kwa ile namba yao ya duara, tatu na ushee, kisha kwa mbili. Akapima uzi wangu kwa rula, akatazama ubao, akapima tena.

“Jamani, bibi na ubao wamepatana!”

Nikachora na duara la nje, la pindo, nikakata. Kitenge kilipokunjuliwa kilikuwa duara zima, tundu katikati. Nikapasua kidogo nyuma, msichana akavaa juu ya sare yake, nikabana kwa pini. Kiuno barabara. Akajizungusha, sketi ikafunguka kama mwavuli, madawati yakapigwa kama ngoma.

Ndipo nikaisikia sauti ninayoijua. Mjukuu wangu alikuwa amesimama juu ya benchi.

“Huyo ni bibi yangu mimi! Na nyumbani anapima hata bila uzi!”

Hilo ni uongo, bila uzi siwezi. Lakini sikumkatalia mbele ya watu.