Karanga za Mama Kwenye Njia ya Tingatinga

Mama yangu alirudi kutoka Uganda mara tu baada ya amani kutiwa sahihi, akiwa na godoro, kuku wawili na msimamo. Msimamo wenyewe alimweleza kila mtu, hata asiyeuliza: hatakula tena chakula cha kupimiwa. Miaka yote ya ukimbizini alipanga foleni na kopo mkononi, sasa alitaka kula kitu kilichotoka kwenye udongo wa kwao. Kaka yangu mkubwa, aliyebaki Uganda na duka lake, akamwekea sharti. Msimu mmoja. Akivuna, akae Juba. Asipovuna, arudi Uganda amlelee watoto. Alisema hayo kwa sauti ya upole, kama mtu anayegawa sadaka, na mimi nilitamani kumrushia simu usoni. Nilitaka Mama abaki. Nilikuwa peke yangu katika mji huu, nauza chapati na maharage mtaani Nyakuron, na tangu afike nilikuwa nimeanza kulala usingizi wa kweli.

Alipata kipande cha ardhi nje ya mji, mbele ya kijiji cha Lemon Gaba, ndani ya msitu wa zamani wa mitiki uliopandwa na serikali. Wakati wa vita hakuna aliyeigusa mitiki ile, ikanenepa kwa raha zake. Amani ilipofika watu wakagundua kwamba mbao zake ni dhahabu, na kwa hiyo amani ikaikata. Palipokatwa, mlinzi wa msitu aliwaruhusu wanakijiji walime, mradi wapalilie pia miche mipya ya mitiki. Mpango mzuri. Mche unapata wa kuupalilia, mpaliliaji anapata karanga, na mlinzi anapata kuku.

Ila kipande cha Mama kilikuwa vurugu tupu: matawi, vichaka, visiki, miiba. Mimi nilipokitembelea nilisema haki ya Mungu hapa tutamaliza msimu tukikata vichaka.  Mama alikuwa anatazama tingatinga.

Ilikuwa mashine ya kuvuta magogo, magurudumu yake yamenipita kimo. Inafunga minyororo kwenye gogo, inaliburuta mpaka barabarani, inarudi kuchukua lingine. Ilikopita, palibaki pasafi kama uani mwa bibi harusi. Sisi tuliokulia kambini tulikuwa tunajua jembe tu, jembe la msaada lenye mpini unaochomoka, na tuliposikia neno maendeleo, picha iliyotujia kichwani ilikuwa kitu kama kile, chenye moshi na kelele. Mama akaona Mungu amemletea trekta ya kulimia.

Siku iliyofuata alichinja mmoja wa wale kuku wawili. Alimpika kwa karanga za kusaga, akampelekea dereva, kijana wa Kiganda mwenye kofia ya chuma. Mimi nilibeba sufuria.

"Mwanangu," Mama akamwambia, "kwa nini unazunguka kule mbali? Pita hapa kwangu."

"Mama, mimi iko na njia yangu kule," akasema dereva, mdomo umejaa.

"Hapa ni karibu. Pita hapa, na ukirudi pita hapa. Kula paja hilo."

Nani angekataa? Tangu siku ile magogo yote ya upande ule yalipitia shambani kwa Mama. Mengine yalipangwa pale pale yakisubiri lori, mvua ikinyesha, magurudumu yakizunguka juu ya tope, yakirudi nyuma, yakiegemea, yakilipondaponda. Vichaka vikafa. Visiki vidogo vikazama ardhini. Majirani walikuja kutazama na wivu ukawashika waziwazi. Mmoja alitushutumu kwamba tumemroga dereva. Mama akatembea katikati ya shamba lake bila viatu, akapiga kisigino chini, akasema, "Sikia! Limekaza!" Alisema kama anasifia ngoma.

Na mimi, nimcheke nani? Mjini tulikuwa tunalilia ardhi iliyokaza. Mvua ikinyesha Nyakuron, mbele ya kibanda changu palikuwa uji, mteja anaacha kiatu anaenda na mguu. Kila mahali mitambo ilikuwa ikishindilia barabara na watu wakipiga makofi. Kama dereva yule angekubali kuja kunishindilia mbele ya kibanda, ningempikia kuku na jogoo wake.

Mama alipanda karanga. Jembe lilikuwa linaruka, kwa hiyo alikwaruza tu juu juu, akasema ardhi imelala, mvua itaiamsha. Mvua ikaja. Maji yalisimama kwenye alama za magurudumu mpaka bata wa jirani wakahamia. Lakini karanga ziliota! Fupi, ndiyo, na manjano kidogo pembezoni, lakini ziliota, na baada ya hapo zikatoa maua, yale maua madogo ya njano, shamba zima. Nilimpigia kaka simu nikamwambia kwa jeuri anunue gunia la kubebea zawadi yake. Niliona furaha ya Mama nikafurahi mpaka nikawa mjinga.

Basi tukaitisha nafir. Hapa kwetu mtu haui mgongo wake peke yake wakati wa kuvuna. Unaita watu, wanakuja kufanya kazi, wewe unawapikia washibe. Walikuja baada ya ibada wakiimba, wanawake na beseni zao, wanaume na utani wao. Kaka naye alipanda basi akaja, na viatu vilivyong'aa, kushuhudia. Mimi nilikuwa nimeamka mapema kupika mchicha wa karanga, kwa karanga nilizonunua sokoni, zilizotoka Uganda.

Mama akashika shina la kwanza, kwa heshima ya mwenye shamba. Akavuta. Majani yakaja, mizizi ikabaki. Watu wakacheka, wakamwambia ana nguvu za ujana. Akashika la pili. Vilevile. Kaka akavua koti, akaleta jembe, akapiga, na bonge likang'oka kama tofali. Tukaligeuza. Mizizi ilikuwa imekwenda pembeni, bapa, kama mguu wa kuku uliokanyagwa. Karanga haizai juu. Ua likianguka, shina dogo huteremka kama sindano na kuingia ardhini, na huko ndiko punje hufanyika. Sindano za Mama zote zilikuwa zimeteremka. Zilifika chini, zikagonga, zikajikunja, zikakaukia juu ya udongo. Mamia ya sindano. Shamba zima lilikuwa limebisha hodi na halikufunguliwa.

Hakuna aliyejua aseme nini, kwa hiyo watu wakasema.

"Malesh, ya mama," akasema mzee wa kanisa. Pole, mama. Kisha akatembeatembea, akapiga chini kwa kisigino. "Lakini mahali hapa panafaa mkutano wa injili. Hata jukwaa halitazama."

Tukala. Ala, ungefanyaje, chakula kimeiva? Mama mmoja akalamba vidole akasema hakika karanga za shamba lako mwenyewe zina ladha yake. Hakuna aliyemsahihisha. Nilikwenda nyuma ya rundo la matawi nikalia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani: mashine, dereva, kaka, au yule kuku.

Kaka hakumcheka Mama, na hilo nalo liliniudhi. Alimwambia tu, "Mama, twende." Mama akasema, "Mimi ndiye niliyemwita apite." Akakunja khanga zake.

Kabla hawajaondoka nilimfuata mlinzi wa msitu, nikamuuliza ardhi ile italainika lini. Akanionyesha miche yake ya mitiki kwenye njia ya tingatinga, imesimama kimo kile kile kama miswaki. "Wewe una watoto?" akaniuliza. Nikasema sina. "Ukipata, wao waje kuniuliza."

Kwenye kituo cha basi Mama aliniuliza mlinzi amesema nini. Nilimwambia amesema ni suala la mvua.

Mvua zilizofuata, dereva wa basi aliniletea mfuko kutoka kwa Mama: karanga nyekundu, zilizochaguliwa moja moja, za mbegu. Nilikwenda nazo shambani. Jembe liliruka likanikosa mguu. Nikarudi nazo Nyakuron, nikawasha jiko, nikazikaanga kwa chumvi zote, na nilikuwa nazitafuna Mama alipopiga simu.

"Umezipanda?"

"Nimezipanda, mama."

"Zimetoa maua?"

"Zimetoa."

 Nilisikia watoto wa kaka wakigombana nyuma yake.

"Na chini?"

"Chini sijaangalia."

"Usiangalie," akasema haraka. "Sikia, mwanangu. Usiangalie kwanza."