Siku Niliyoitwa Tena Mama Kabwe

Ile siku ya kisiwani naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa sijawahi kukusimulia. Leo nakusimulia kwa ajili ya mke wako Solange, aliyerudi kutoka hospitali mikono mitupu, na kwa sababu jana nilikusikia ukimwambia ajikaze, mtazaa mwingine. Hukusema kwa ubaya. Hata mimi niliambiwa hivyo.

Kabla yenu nyote nilizaa mtoto wa kiume, Kabwe. Tulikuwa tunakaa hapa hapa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo. Homa ilimchukua kabla hajaanza kutambaa. Tangu azaliwe, watu wa mtaa walikuwa wakiniita Mama Kabwe. Tulipotoka makaburini, jina hilo likakoma. Majirani wakarudia kuniita Beatrice. Baba yako akaficha nguo za mtoto, akidhani ananisaidia. Nami nikanyamaza, nikawa nashona nguo za wateja kutwa nzima bila kuinua kichwa.

Bibi yako, mama wa baba yako, hakunipa ushauri wowote. Alisema tu kwamba anakwenda kusalimia kwao na anataka mtu wa kumsindikiza. Kwao kulikuwa kisiwani, katika ziwa Moero. Tukapanda lori mpaka Kilwa, mji ulio kando ya ziwa hilo, halafu mtumbwi.

Asubuhi yake akaniambia tutembee mpaka ncha ya kisiwa. Njia ilifuata ukingo wa maji, kisha ikapanda kwenye mashamba ya mihogo na karanga. Nilitembea mbele, mbio mbio, nikitaka yaishe.

“Unakimbilia wapi?” akaniuliza. “Tembea na mimi.”

Kila tulipokuta watu wakilima, alisimama, akawasalimia, akanishika mkono. “Huyu ni muke ya mutoto wangu,” alisema. “Ni Mama Kabwe. Kabwe alikufa.”

Mara ya kwanza nilitamani kurudi mbio kwenye mtumbwi. Lakini wanawake waliweka majembe chini, wakaja kunipa pole kwa jina hilo hilo. Mmoja akauliza mtoto alifanana na nani. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba alifanana na baba yake, na kwamba alikuwa akicheka usingizini. Mzee mmoja aliyekuwa aking'oa karanga akanifariji kwamba mimi bado kijana, nitazaa wengine. Bibi yako akamjibu polepole, “Hata azale kumi, Kabwe iko Kabwe.”

Baada ya mashamba tukaingia porini, mahali ambapo jembe halijapita. Masuku, yale matunda ya porini, yalikuwa yameiva na kudondoka njiani, na kati ya miti tuliliona ziwa likimeta pande zote mbili. Karibu na mawe ya ncha, bibi yako akaketi. Akanionyesha mahali palipoota majani, akasema pale alizikwa binti yake wa kwanza, Mwansa. Sikuwa nimelisikia jina hilo. Hata baba yako hakulijua. Tangu mazishi, hakuna aliyemwita tena Mama Mwansa.

“Ndiyo maana nilikuleta,” akasema. “Sikutaka ubakie na mutoto wako peke yako, kama mimi.”

Nikamwita, “Mama Mwansa.” Akafunika uso kwa kitambaa, tukalia mpaka tukatosheka. Kisha tukala masuku, tukarudi tukiongea juu ya watoto wetu.

Huzuni haikuisha siku ile. Lakini nilirudi Lubumbashi nikiwa naweza kuzungumza na baba yako. Akatoa zile nguo, tukazikunja pamoja, naye akalia kwa mara ya kwanza. Ninyi mlikuja baadaye, wala hamkuja kujaza nafasi ya mtu.

Basi, Baba Esther, maana ndivyo ulivyo, usimharakishe Solange. Mtaje Esther mezani, mtaje mbele ya wageni. Muulize mama yake anakumbuka nini, umsikilize bila kumtafutia dawa. Ukikosa la kusema, tembea naye, hata kama ni kwenda mpaka Kasapa, pembeni mwa mji, na kurudi, kwa mwendo wake yeye. Na machozi yakikujia, usitoke nje kuyaficha.

Mungu amlaze Esther mahali pema. Awape ninyi wawili subira ya kungojana, na nyumba yenu aijalie maneno ya upole, leo na miaka yote itakayokuja.