Siku Nilizomtafuta Obambo

Nilikuwa darasa la nne, likizo ya Aprili, mwaka ambao mvua ilinyesha kwetu karibu na Kendu Bay mpaka watu wakachoka kuilalamikia, nilipopotelewa na paka ndani ya nyumba yenye vyumba viwili. Nasema ndani kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa tangu magharibi na dirisha halikuwa na nafasi ya kupitisha hata panya. Usiku alilala miguuni pangu. Asubuhi hakuwepo.

Nyumba ilikuwa ya mama yake baba, bibi yangu, ambaye kwa Kijaluo tulimwita Dani. Wazazi wangu waliishi Migori mjini, baba akiwa fundi cherehani, na kila shule zilipofungwa nilipandishwa gari na kupelekwa kwake. Sebuleni palikuwa na viti vinne, kabati, mitungi na mkeka wangu. Chumba cha ndani kilikuwa cha Dani peke yake, nacho kilitengwa kwa ukuta wa udongo usiofika juu na pazia la magunia yaliyoshonwa pamoja. Sisi wajukuu hatukuingia mle. Mtu mzima angemaliza kuipekua sebule ile kabla chai haijapoa, lakini mimi nilitumia siku tatu.

Paka mwenyewe nilipewa na jirani yetu, Min Awuor, yaani mama yake Awuor. Alikuwa mdogo, mwembamba, mbavu nje, amebapa kama samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani. Samaki wa namna hiyo kwetu huitwa obambo, basi nikamwita Obambo. Nilimpenda kwa namna ya kuudhi watu. Nilikula naye, nikamwimbia, nikamfundisha hesabu za kugawanya ambazo mimi mwenyewe zilinishinda.

Likizo ile nilikuta pia baba mdogo Ochieng', kitinda mimba wa Dani, amerudi kutoka kisiwa cha Remba alikokuwa mvuvi. Sikumwona. Niliambiwa ni mgonjwa, amelala katika simba yake, nami nisisogee huko. Simba ni kibanda cha kijana ambaye hajaoa, hujengwa karibu na lango la boma. Kwetu mtoto wa kiume akishabaleghe halali tena chini ya paa la mama yake, hata nyumba iwe na vyumba kumi. Anayevunja mwiko huo huleta chira, ugonjwa unaomkausha mtu polepole mpaka abaki mifupa na macho. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma, na aliyenifundisha ni Dani. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyezishika desturi kama yeye. Baba yangu, mwenye ndevu na watoto wanne, alipokuja kutuona hakuthubutu hata kupita lile pazia.

Kila asubuhi Dani alikoroga uji, akaumimina kwenye bakuli la bati, akalifunika kwa sahani na kulipeleka simba akipita katikati ya uwanja, mahali ambapo jirani yeyote angemwona. Alikaa humo kidogo, kisha akarudi na bakuli bado limefunikwa, akaingia nalo chumbani kwake. Siku moja nilimpokea bakuli mlangoni nikashangaa lilivyo zito. Usiku nilisikia kikohozi nyuma ya pazia, kinene, cha kukwaruza, nikamwonea Dani huruma kwa baridi ile. Mtoto huelezea mambo kwa alichonacho.

Asubuhi ile aliponiona nimepiga magoti chini ya kabati, aliuliza natafuta nini. Nikamwambia. Akaendelea kukoroga uji wake kwenye jiko la makaa.

"Paka aliyepotelea ndani hatafutwi," akasema mwishowe. "Mwache atoke mwenyewe. Ukimtafuta, nyumba itatoa mtu badala yake."

Nilinyanyuka pale kama niliyekalia kaa la moto. Dani hakuwa mtu wa kutania juu ya mambo hayo.

Lakini mimi ni mtu wa kuchokora, mpaka leo. Nilikaa dakika tano, nikasimama. Nikaamua kwamba kufagia si kutafuta, nikafagia chini ya viti vyote. Nikaamua kwamba kupanga mitungi si kutafuta. Siku ya pili nilipanga kabati mara tatu, na kila nilipovuta droo nusu nilitamani kumkuta na nusu niliogopa. Nilimwaza amekwama mahali, ana njaa, ananisikia nikipita. Kisha nikamwaza huyo mtu atakayetolewa badala yake. Tulikuwa wawili tu humo ndani, mimi na Dani. Nilianza kumwangalia Dani anavyopumua.

Siku ya tatu ilikuwa ya soko. Dani alijifunika gunia kichwani kwa ajili ya manyunyu, akaniachia maharagwe ya kuchambua, akaenda. Sikuwa nimemaliza hata kiganja kimoja niliposikia mlio mwembamba, mmoja tu, nyuma ya pazia.

Nilijiambia naangalia, sitafuti. Nikasogeza gunia kwa kidole.

Kitanda cha Dani kilikuwa upande wa kulia. Kushoto, katikati ya vyungu vya mtama, palikuwa na godoro sakafuni, na juu ya godoro alilala baba mdogo Ochieng'. Nilimtambua kwa masikio yake, maana uso haukuwa wake tena. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa akinibeba begani mpaka ziwani, mimi nikimshika masikio hayo hayo nisianguke. Obambo alikuwa amejikunja kifuani pake, akipanda na kushuka kwa pumzi zake.

Hakushtuka. Alinitazama, akachukua muda kupata sauti.

"Akoth. Ni paka wako?"

Nikasema ndiyo.

"Ana joto," akasema. "Niachie kidogo."

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa namwogopa na nilikuwa nampenda, yote mawili kwa wakati mmoja, na miguu haikujua ifuate lipi.

"Na usimwambie mama kwamba umeniona. Atajiona hana budi kunirudisha kule."

Kule ni simba, ambako nyasi za paa zilikuwa zimeoza na maji yalidondokea kitandani mchana na usiku. Kumbe hata mimi niliyaona mashimo yale kutoka uwanjani, ila sikuwahi kumfikiria mtu aliye chini yake. Nilirudisha pazia, nikaketi tena kwenye maharagwe. Nilielewa ninachokificha. Dani wetu, mlinzi wa miiko, alikuwa amemwingiza mwanawe mtu mzima alale chini ya paa lake, na kama ukoo ungejua, kila mtu angesema ni mama aliyemletea mtoto wake chira.

Dani aliporudi kutoka sokoni aliuliza, bila kunitazama, kama paka amepatikana. Nikasema hapana, nimeacha kumtafuta. Akasema ni vizuri. Jioni hiyo, alipoweka bakuli la uji chini ili afunge leso, nilichukua omena kidogo, zile dagaa za ziwani, nikaziweka juu ya ile sahani ya kufunikia. Alipoinama kulichukua aliziona. Akasimama pale kidogo, akapita nazo pazia. Kesho yake nikaweka tena, na kesho kutwa.

Siku hizo sikutulia hata kidogo. Min Awuor alikuwa na desturi ya kuingia bila kubisha, na kila nilipoona mwavuli wake uwanjani nilikimbia kusimama mbele ya pazia kama askari. Siku moja kikohozi kilisikika akiwa amekaa kabisa kwenye kiti, na Dani yuko naye palepale sebuleni. Nikakohoa mimi, kwa nguvu, mpaka machozi yakanitoka. Dani akanisaidia, naye akakohoa. Min Awuor alisema nyumba nzima inahitaji dawa, akatuletea majani ya mwarobaini, nami nikayanywa na uchungu wake wote kwa kosa nililojitakia.

Kisha asubuhi moja Obambo alitoka mwenyewe. Alipita chini ya pazia, akaketi katikati ya sebule, akalia. Sikumkimbilia. Nilikuwa nimeyakumbuka maneno ya Dani, nikabaki mkekani nimeshika magoti.

"Akoth," Dani akaniita kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Njoo unishikie pazia."

Alitoka amembeba mgongoni. Alikuwa amemfunga kwa leso mbili, kama afungwavyo mtoto mchanga, na miguu mirefu ya baba mdogo ilikuwa ikiburuta sakafuni nyuma yake. Bibi wa miaka sitini na kitu. Nje mvua ilikuwa kubwa na hapakuwa na mtu. Alivuka uwanja bila kusimama, nami nyuma yake na blanketi, mpaka simba, akamlaza kwenye kitanda kilicholowa na kumfunika. Alikuwa bado anapumua. Hivyo ndivyo ninavyojiambia, na kuna siku naamini na siku siamini. Dani aliketi naye kwa kitambo. Alipotoka alisimama katikati ya uwanja, akavua leso kichwani, ndipo akapiga ule ukelele wa msiba ambao kwetu kila mtu anajua maana yake.

Kabla ya saa sita boma lilikuwa limejaa. Mzee mmoja wa ukoo aliingia simba kuangalia, akatoka akijifuta mikono. Aliuliza, mbele ya watu, imekuwaje godoro limelowa mpaka chini na marehemu nguo zake zimelowa juujuu tu. Alilala wapi? Min Awuor aliinamisha kichwa. Dani alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona akitafuta neno akalikosa.

"Alilala hapa," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namletea uji wa usiku."

Mzee alinitazama, akaona mtoto, na watoto kwetu hawakudhaniwa kuwa na sababu ya kusema uongo juu ya mambo ya wakubwa. Akaachana na hilo. Dani hakugeuka kunitazama, lakini mkono wake ulinishika kisigino ukakaa pale.

Nilirudi Migori, Obambo nikamwacha kwa Dani, sikuweza kumgusa tena. Maana mimi nilijua kilichomuua baba mdogo. Nilikatazwa kumtafuta paka, nikamtafuta, na nyumba ikatoa mtu badala yake siku ile ile paka alipotoka. Nililibeba hilo darasa la tano, la sita, la saba. Nililibeba mpaka chuo cha uuguzi, nilikojifunza jina la ugonjwa ule ambao miaka hiyo hakuna aliyeutaja nyumbani, na hata baada ya kulijua jina, akili ilisema hivi na tumbo likasema vile. Sikumwambia mtu.

Nilimwambia Dani mwenyewe, miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimeshaanza kazi Homa Bay, yeye amekuwa mzee wa kukaa juani asubuhi na kunisubiri wikendi. Tulikuwa tunamenya viazi. Nikamuuliza kama kuna namna ya kumsafisha mtu aliyeuvunja ule mwiko wa paka.

"Mwiko gani wa paka?" akauliza.

Nikamkumbusha. Alinitazama, kisu mkononi.

"Huo niliutunga nikikoroga uji. Ulikuwa unalikaribia pazia."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikamweleza yote niliyoyabeba. Aliweka kisu chini. Aliniambia nimsamehe, neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na palepale kitu kilichonikaa kifuani tangu nikiwa na miaka kumi kikashuka. Kwa neno moja tu, Dani alinifungua.

Nikataka kumfanyia vivyo hivyo. Nilimweleza, kama ninavyowaeleza watu kazini, kwamba baba mdogo aliupata ugonjwa ule kabla hajarudi nyumbani, kwamba hakuna paa lililomuua, kwamba kama kuna kilichomwongezea siku ni chumba kikavu na uji wa moto. Alisikiliza kwa adabu, akiitikia, kama anavyosikilizwa bwana afya aliyekuja kuhimiza vyoo. Nilipomaliza alichukua kiazi kingine.

"Mimi nilijua mwiko, nyakwara, mjukuu wangu," akasema. "Nilijua, na nikamwingiza."

Nikamuuliza kama anajuta.

"Mvua ilikuwa inamnyeshea," akasema.

Alikufa akiamini alimuua mwanawe, na akiamini pia kwamba angefanya tena. Mwiko wangu ulikuwa mwepesi kuuondoa kwa sababu aliyeutunga alikuwepo. Wa kwake aliukuta duniani, na hapakuwa na wa kuuliza. Najua sasa alivyokuwa akijisikia asubuhi zile akivuka uwanja na bakuli, na inaniuma kwamba nilichomsaidia nacho kilikuwa omena chache.

Siku hizi nina paka tena. Akikosekana siwezi kukaa. Nainuka, natafuta chini ya viti, nyuma ya kabati, kila chumba, na watoto wangu hunicheka wakiuliza kama mama ana paka au paka ana mama. Ila nikifika kwenye mlango uliofungwa, hata wa chumba changu mwenyewe, nasimama kwanza, nabisha hodi.