Sauti ya Kuanzia

Sikio langu la kulia liliharibikia Louisville, kwenye ghala nililofanyia kazi miaka yangu ya kwanza Marekani, pembeni mwa mashine ya kubana maboksi. Tulipewa vizibo vya masikio. Mimi sikuvaa, kwa sababu nilikuwa nikitunga nyimbo za kwaya humo humo kazini, na nani atatunga wimbo akiwa ameziba masikio? Ujinga wangu mwenyewe, simlaumu mtu.

Tulipohamia Columbus, mimi na mke wangu na binti yetu, nikapata kazi ya kumhudumia bibi mmoja mzungu huko Clintonville, mwalimu mstaafu wa piano. Kila baada ya kifungua kinywa alitaka nimwekee muziki wa Mjerumani mmoja wa zamani, na nikiwa nampaka mafuta miguuni alinisimulia maisha ya mtu huyo: baba mlevi aliyemfundisha piano kwa kipigo, mapenzi yasiyofika kwenye ndoa, kisha masikio yaliyoanza kuvuma angali kijana. Alificha, bibi alisema. Alikimbia watu, afadhali wamwone ana kiburi kuliko wajue kwamba mwanamuziki hasikii.

Nilikuwa nimeshika soksi yake. Nikaiweka chini. Asubuhi ile ile, nikipangusa vumbi, nilikuwa nimegusa kitufe kimoja cha piano yake na kusikia sauti mbili: sikio la kushoto lilinipa ile yenyewe, la kulia likanipa nyingine iliyo juu kidogo.

Bibi akaendelea. Simfoni yake ya mwisho ilipopigwa mara ya kwanza, yule Mjerumani alisimama mbele akirusha mikono, lakini wanamuziki walikuwa wameagizwa kimya kimya wasimfuate yeye, wamfuate kiongozi mwingine aliyesimama hapo hapo. Muziki ukaisha, yeye bado anarusha mikono. Mwimbaji mmoja ndiye aliyemgeuza aone watu wanavyomshangilia. Nilicheka. Bibi hakucheka.

Kwaya yetu haianzi kwa kinanda. Mwalimu wa kwaya, yaani mimi, hutoa sauti kwa mdomo wake: soprano hii, alto hii, tenor hii, besi hii, kisha mkono unapanda. Akikosea, hakuna wa kumsahihisha mbele ya watu, huo ni utovu wa adabu. Basi tukaalikwa Lackawanna, mji ulio kando ya Buffalo, kwenye kanisa la ndugu zetu, na hamu ya chakula ikanitoka. Kila siku ndani ya gari nilifungua kinanda cha kwenye simu, nikaimba, nikalinganisha. Siku nyingine nilipatia. Siku nyingine sikuweza kujua kama nimepatia, na hizo ndizo zilizonitia hofu zaidi. Ualimu wa kwaya ndicho kitu pekee nilichotoka nacho Kivu Kusini kikiwa kizima. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Lackawanna, mchana wa Jumamosi, kanisa limejaa. Nikatoa sauti. Mke wangu, safu ya mbele ya soprano, akakohoa kidogo kama kawaida yake, mkono wangu ukapanda, na kwaya ikaingia sawasawa. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilimshukuru Mungu kwa machozi kabisa.

Tulipotoka kwenda kwenye gari nilimwambia binti yetu, anayeimba alto, "Umesikia? Papa yako angali na masikio!"

Akamtazama mama yake kwanza.

"Sorry, Papa. Sisi tunachukuaka sauti kwa mama. Akimaliza kukohoa, anaimbaka chini-chini. Tangu Pasaka."

"Kwaya yote wanajua?"

"Yote, Papa."

Nilimkumbuka yule Mjerumani niliyemcheka, na aibu ikanipanda mpaka shingoni. Mke wangu alikuwa kulia kwangu. Niliona midomo yake ikicheza, sikupata neno hata moja. Akazunguka nyuma yangu, akaja upande wa kushoto, akarudia taratibu:

"Donc, basi, ningefanya je? Nikupatishe haya mbele ya watu?"

Sikuwa nimemwambia ni sikio lipi.